Mchuzi wa Mabilingani ya Kubanika

Mchuzi wa mabilingani ya kubanika hupikwa mara mbili, na mara ya kwanza ndiyo inayoupa jina lake. Kabla sufuria haijatelekwa, kabla hata kitunguu hakijamenywa, bilingani zima huwekwa juu ya makaa na kuachwa liungue mpaka ganda liwe jeusi tii. Yote yanayofuata, kuanzia thomu na bizari hadi tui na ndimu, ni kazi ya kuulinda moshi uliopatikana hapo. Aliyezoea seredani hana haja ya kuelezwa. Anayeanza hukosea papo hapo, kwa sababu tangu utotoni amefundishwa kuokoa chakula kisiungue, na hapa anatakiwa akiachie.

Ufundi wa kubanika hauhitaji kutetewa Unguja. Kila jioni baada ya magharibi, bustani ya Forodhani, iliyo baina ya Ngome Kongwe na bahari, hujaa moshi wa mkaa: mishkaki, pweza, kamba, mihogo. Bustani hiyo ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo yaliyosimamiwa na Aga Khan Trust for Culture. Njia zikapangwa, taa zikawekwa, na wachomaji wakarudi na majiko yao. Bilingani si chakula cha majiko hayo. Likishaiva halishikiki mkononi wala halikubali kijiti, na bila mchuzi huwa kama halijamaliza safari. Kwa hiyo ni jambo la nyumbani, la uani. Jamaa yake wa karibu ni samaki wa kupaka na kuku wa kupaka, ambao nao hubanikwa kwanza ndipo wakatiwa tui lililokolezwa viungo.

Bilingani lenyewe ni mgeni wa zamani. Lilianza kulimwa Asia, likafika nchi za Waarabu mapema: kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad karne ya 10, kina mapishi yake kadhaa. Kulichoma zima motoni pia ni ufundi wa wengi. Wapunjabi wana bharta, Wagujarati wana oro, watu wa Sham wana baba ghanoush wanayoitia ufuta uliosagwa, na huko Gilan, kaskazini mwa Iran, huchanganywa na mayai, thomu na nyanya. Pwani ya Waswahili imeongeza tui la nazi, na tui hubadilisha hesabu yote, maana mafuta yake huushika moshi na kuuachia mdomoni polepole.

Kuchagua hakuchukui muda. Bilingani zuri, liwe la soko la Darajani au la genge la mtaani, huwa na ganda linalong'aa, kikonyo kibichi, na likibonyezwa hurudi. Lililofifia rangi limekomaa mno. Ndani mna mbegu nyingi na uchungu. Kwa watu wanne, mabilingani mawili manene na nazi moja yanatosha.

Moto ndio unaotaka macho. Makaa yawe yameshika yote, jivu jepesi limeyafunika na wekundu unaonekana chini yake. Makaa yenye weusi hutoa moshi mbichi unaoharibu chakula. Bilingani hutobolewa kwa ncha ya kisu mara tatu nne, la sivyo mvuke unaweza kulipasua na kumwaga nyama yake kwenye jivu. Kisha huwekwa kwenye wavu ulio karibu kabisa na makaa. Dakika mbili tatu za mwanzo hakuna kinachoonekana ila zambarau kupoteza mng'aro. Baadaye ganda hugeuka hudhurungi, hufanya malengelenge, hupasuka kwa mlio mdogo. Maji huchuruzika kwenye matobo na kuchemka pale pale, mengine yakidondokea makaa na kupanda tena yakiwa moshi. Hapo ndipo mwenye woga huliepua. Halijawa kitu bado. Hushikwa kikonyo, likageuzwa upande hadi upande, mpaka lisinyae, lilegee na kubonyea kwa uzito wake lenyewe. Bilingani nene huchukua dakika 20 hadi 25, jembamba refu 10 au 12. Dalili ya kuaminika iko karibu na kikonyo, sehemu inayoiva mwisho: kijiti kikizama hapo bila kuzuiwa, kazi imekwisha.

Watu husema moshi huo ni wa mkaa, na wana haki nusu tu. Mkaa ulioshika vizuri ulishapoteza sehemu kubwa ya vitu vyenye harufu ulipokuwa ukichomwa tanurini. Harufu ya mchuzi huu hutoka zaidi kwenye ganda linaloungua na maji yanayodondoka. Ganda ndilo kuni. Ndiyo maana jiko la gesi, ambalo wapenda seredani hulidharau, hutoa mchuzi mzuri kabisa, mradi bilingani lilazwe juu ya ndimi za moto zenyewe. Na ndiyo maana oveni ya umeme inayopasha joto bila kuunguza hutoa bilingani laini lisilo na habari yoyote. Anayetaka zaidi hutupia kwenye makaa vipande vya vifuu au makumbi makavu dakika tano za mwisho, lakini kwa kipimo, kwani moshi wa makumbi ni mkali na ukizidi huacha uchungu. Kwa Waswahili waliohamia Leicester au Toronto shida si moto bali king'ora cha moshi kilichopachikwa darini. Afadhali wasubiri kiangazi wabanike nje.

Kuna faida nyingine ya kubanika isiyosemwa sana. Nyama ya bilingani bichi imejaa vijinafasi vya hewa, na ikitiwa kwenye karai hunywa mafuta mpaka mpishi ajute. Moto wa makaa huviangusha vijinafasi hivyo. Bilingani lililobanikwa halina tena pa kuyaficha mafuta, na vijiko viwili vya kukaangia kitunguu vinatosheleza mchuzi mzima.

Likitoka motoni hufunikwa kwenye bakuli dakika kumi, mvuke ulegeze ganda. Huambuliwa kwa vidole, vikichovywa majini kila mara ili visiungue na visigande. Kuliosha kwenye bomba ni kosa lisilo na dawa: weusi hutoka, na harufu hutoka nao. Vipande vidogo vya ganda vikibaki haidhuru. Maji yaliyojikusanya chini ya bakuli huonjwa. Yakiwa na uchungu humwagwa, yakiwa matamu yenye moshi hurudishwa sufuriani. Nyama hupondwa kwa mwiko, isirojeke kabisa, ibaki na nyuzi zinazoonekana.

Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa mara mbili. Tui la mwanzo, zito, huwekwa kando. La pili, jepesi, ndilo linalopikia. Tui la kopo hufaa lisipopatikana jingine, ila huwa na uzito mmoja tu, na mpishi hulazimika kulizimua mwenyewe kwa maji ili apate la kuanzia.

Kitunguu hukaangwa mpaka kiwe cha dhahabu, kisha huingia thomu na tangawizi zilizotwangwa, bizari nzima nusu kijiko, bizari ya manjano kidogo sana, na pilipili mbichi iliyopasuliwa. Tungule mbili hukatwakatwa na kukaushwa mpaka mafuta yajitenge. Huu si mchuzi wa kumimina bizari ya mchuzi kwa kijiko kikubwa. Bizari nyingi huufunika moshi, na taabu yote ya makaa huwa imekwenda bure.

Karafuu ina kesi yake. Katika visiwa vilivyojulikana duniani kwa karafuu mkono huielekea wenyewe, na kwa mara hii mkono una sababu. Kemikali inayoipa karafuu harufu, eujenoli, ni ya ukoo mmoja na guayakoli, mojawapo ya kemikali zinazoupa moshi wa kuni harufu yake. Karafuu moja ikitiwa kwenye mafuta ya moto pamoja na kitunguu hurefusha moshi, na mlaji hawezi kusema imepita wapi. Zikiwa tatu, mchuzi unakuwa wa karafuu.

Tui jepesi hutiwa juu ya tungule, likaachwa lichemke dakika tano, ndipo bilingani likaingia na chumvi. Baada ya dakika kumi za moto mdogo, sufuria ikiwa wazi, hufuata tui zito. Kuanzia hapo mwiko haupumziki: mchuzi huzungushwa upande mmoja na hauachwi utokote, kwa kuwa tui zito likitokota hukatika, mafuta yakaelea na maji yakabaki chini. Ukianza kufurukuta pembeni huepuliwa. Ndimu hukamuliwa sufuria ikiwa imeshatoka motoni, kwani ukali wake nao hukata tui. Kotmiri ni hiari. Wapo wanaoiona inaleta ubichi usiohitajika, na hawajakosea.

Mchuzi huu huliwa na wali mweupe, kwa maana wali wa nazi juu ya mchuzi wa nazi ni uzito juu ya uzito. Mkate wa ajemi unaufaa zaidi, na muhogo wa kuchemsha haukatai. Samaki wa kukaanga pembeni hupendwa, ingawa aliyebanikwa hushindana na bilingani badala ya kulisaidia. Ukibaki, uwekwe kwenye friji mara tu unapopoa, kwa kuwa vitu vya nazi huchacha upesi katika joto la Unguja. Kesho yake hupashwa kwa moto mdogo na maji vijiko viwili, bila kuchemshwa, na ndimu hukamuliwa upya.