Baruti na Papa Mfumu'eto: wanashindania nini?

Tukizungumza juu ya bede, ni kusema hadithi za michoro, hapa kwetu Congo, watu wanapenda kuuliza: kati ya Barly Baruti na Papa Mfumu'eto, fundi ni nani? Sisi tunaona swali lile halikukaa sawa. Mashindano yao si ya kalamu tu, ni ya msomaji.

Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959. Mkono wake ni safi: mto, pori, motokari, sura za watu, kila kitu kiko mahali pake. Pamoja na Frank Giroud, mwandishi Mfaransa, alitoa Eva K. kuanzia 1995, halafu Mandrill kuanzia 1998. Zile ni albamu za rangi, zenye jalada gumu, zinazochapishwa Ufaransa. Kufika pale kunaomba kushindana na wachoraji wa Ulaya kwa sheria zao wenyewe. Baruti aliweza, na ni heshima kwetu sisi wote.

Papa Mfumu'eto alishika njia ingine. Kinshasa, mwaka 1990, alitoa kisa cha mwanaume anayegeuka nyoka, anameza mwanamke, kisha anatapika feza. Karatasi ya bei rahisi, Lingala ya barabarani. Alichora mwenyewe, akaandika mwenyewe, akauzisha mwenyewe. Wakati ule wa Mobutu, mama wa sokoni hakuhitaji mwalimu wa kumufasiria ni utajiri gani unaosemwa mule.

Sasa tuangalie Madame Livingstone, ambayo Baruti alitoa 2014 na Christophe Cassiau-Haurie. Ni vita ya kwanza ya dunia kwenye ziwa Tanganyika, na meli ya Wadachi, Graf von Götzen. Michoro ni mizuri sana. Lakini kitabu kilitoka kwa Kifaransa, na bei ya Ulaya. Mtoto wa Kalemie anayeongea Kiswahili atakisoma namna gani? Hadithi ni ya ziwa letu, ila mlango wake uko kwa wengine.

Mfumu'eto naye hakosi kasoro: mara nyingi anachora mbio mbio, na Lingala yake haifike kwa kila mtu huku mashariki. Tena mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika Fondation Cartier. Hata karatasi ya sokoni ilimaliza kupanda ndege.

Njo maana tunawaambia vijana wachoraji: mukamate mkono wa Baruti na sikio la Mfumu'eto. Muchore kwa Kiswahili, kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kulipa. Bila hivyo mutagombania sifa, na wasomaji watakuwa wa wengine.