Saa ya Kuanza Tena

Wengi wanaoishi na valvu ya bandia moyoni huku Nyanda za Juu Kusini walianzia kwenye koo. Maambukizi ya koo yasipotibiwa utotoni huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo hula valvu taratibu hadi mtu anahema kwa kupanda kilima kidogo tu. Akibahatika hupasuliwa na kuwekewa valvu ya mitambo, mathalani katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, kisha hurudi kwao Mbozi au Mufindi na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kumeza maisha yake yote, kwa kuwa damu huganda kwa urahisi juu ya kitu kigeni. Dawa hiyo iliingia sokoni Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya. Kinachoitenga tiba na sumu hapa ni dozi.

Mtu huyo akiugua sana na kufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ndipo unapoonekana ufundi ambao mimi nauheshimu mno.

Tuseme ni mama aliyeletwa hoi na nimonia. Huko alikotoka amekwishameza Septrin, pengine na Flagyl juu yake, na zote mbili huizidishia warfarini nguvu. Hajala vizuri, kwa hiyo hata vitamini K ya mchicha na kisamvu imepungua mwilini. INR yake, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda, inayotakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5, inasoma 8, na fizi zinachuruzika damu. Mwenye pupa angemdunga vitamini K nyingi. Daktari mzoefu anajua kwamba akifanya hivyo warfarini haitashika tena kwa siku nyingi, valvu inaweza kuziba, au bonge la damu likaruka hadi kwenye ubongo. Basi anasimamisha warfarini, anatoa vitamini K kidogo, na kesho yake anapima tena. Angekuwa anatapika damu, hesabu ingegeuka: vitamini K na plazma zingetolewa bila kusita.

Inapofika wakati wa kurudisha dawa, madaktari wengi huanza na heparini ya dripu, ambayo nayo huzuia damu kuganda. Ukiizima, nguvu yake huisha ndani ya saa chache, wakati warfarini huchukua siku kadhaa kuisha. Kusimamisha dawa mgonjwa anapovuja damu si kazi ngumu, yeyote aliyeogopa ataweza. Kazi ni kupanga saa ya kuanza tena, kuiandika kwenye faili, na kuisimamia.

Iringa, ambako VVU na kifua kikuu vimezitesa kaya nyingi, madaktari hupambana pia na kinyume chake. Rifampisini ya TB hulifanya ini kuimaliza warfarini upesi. Mgonjwa mwenye bonge la damu mguuni anaongezewa vidonge, na INR bado haipandi. Hatari kubwa inakuja baadaye: miezi sita ya TB ikiisha, ile dozi kubwa iliyokuwa haitoshi inageuka kuwa ya kumvujisha damu. Ndiyo maana daktari makini huandika mapema tarehe ya mwisho wa rifampisini, na kuanzia hapo anapima mara kwa mara na kupunguza kidogokidogo.

Yote haya yanategemea kichupa kimoja chenye kifuniko cha buluu. Ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande, sehemu moja kwa sehemu tisa za damu. Damu isipofika kwenye mstari, kipimo husoma juu kuliko ukweli, na mgonjwa atanyimwa dozi aliyoihitaji. Mtazame muuguzi anayejua kazi: anasubiri damu ifike mstarini, anakipindua kichupa polepole mara tatu au nne bila kukitikisa, kisha anabana pamba pale alipochoma. Anainua, anatazama, anabana tena. Haondoki hadi damu ikatike.

Nawe unayemsindikiza mgonjwa wa warfarini, mbebee kadi yake ya INR na mfuko wa dawa zote anazotumia, pamoja na zile za mizizi, na uziweke mezani kwa daktari kabla hujaulizwa.