Isnadi ya Mpiga Zumari

Makumbusho ya wazi ya Skansen, katika kisiwa cha Djurgården mjini Stockholm, yalifunguliwa na Artur Hazelius mwaka 1891. Jamaa zetu wanaoishi mji ule hupeleka watoto pale siku za kiangazi kutazama ngoma za mashamba ya Kiswidi. Wachezaji huvaa mavazi ya majimbo yao, na pembeni husimama wapiga fidla. Mgeni hutazama mavazi. Mimi nataka kuwazungumzia wale wa pembeni, waitwao spelmän, kwani Waswidi wamewafanyia jema moja ambalo sisi hatukuwafanyia wa kwetu, na kosa moja ambalo afadhali tusiliige.

Jema lenyewe ni jina. Lahani ya polska, ngoma ya mapigo matatu, husemwa kuwa ni «efter» fulani, yaani imepokewa kutoka kwake. Mojawapo ya majina hayo ni Byss-Kalle wa Älvkarleby, aliyefariki 1847, mpigaji wa nyckelharpa, chombo mfano wa fidla chenye vibonyezo. Aliyesoma elimu ya hadithi ataitambua kanuni hii mara moja: ni isnadi. Mwanasheria Nils Andersson alitumia miaka kukusanya lahani hizo. Alipokufa 1921, Olof Andersson akaikamilisha kazi. Svenska låtar ilitoka kati ya 1922 na 1940, majuzuu 24, lahani karibu 8,000, nazo zimepangwa kwa majimbo na kwa wapigaji wenyewe. Hayo yalifanyika katika nchi ambayo wahubiri wa karne ya 19 walikuwa wameiita fidla chombo cha shetani, na wako waliozichoma zao. Ubishi wa zumari si wetu peke yetu.

Kosa ni mtihani. Mchoraji Anders Zorn alifanya shindano la wapigaji huko Gesunda 1906, na 1910 mkutano wa nchi nzima ukafanyika hapo hapo Skansen. Tangu 1933 mpigaji hupiga mbele ya jopo, na anayekubaliwa sana hupewa cheo cha riksspelman. Heshima ni kubwa, sikatai. Lakini jopo limekaa vitini. Polska za majimbo mengi hazina mapigo yaliyo sawa. Pigo moja hufupishwa, jingine huvutwa, na mguu wa mchezaji ndio unaoamua. Kadhalika mpiga zumari wa kirumbizi Lamu huziangalia fimbo za wachezaji, haangalii karatasi. Waswidi wenyewe walihitaji kurudi kuijifunza polska kwa miguu katika miaka ya 1970.

Na sisi tumeandika nini? Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli ya 1903, alieleza desturi kuliko watu. Ndivyo kitabu chake kilivyokusudiwa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma ya beni, alitafuta vyama, mashindano na siasa, na akavipata. Kwa upande wa taarabu hatukukosa majina: Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, nao Subeit bin Ambar na Mbaruk Talsam, waliompigia, wanajulikana mpaka leo. Basi si kweli kwamba Mswahili hamkumbuki mwanamuziki. Tulimkumbuka wa barazani. Wa uwanjani, mwenye zumari, msondo na chapuo, tulimwacha, na aghalabu alitoka kwa watu ambao nasaba zao hazikuandikwa na mtu. Familia zinazolisoma jarida hili zimehifadhi shajara za nasaba za vizazi kumi. Aliyepuliza zumari katika arusi za vizazi hivyo hayumo hata pambizoni. Hata liwa, ngoma iliyovuka bahari kwenda Omani na Ghuba ikiwa na zumari yake na maneno yake ya Kiswahili, huelezwa kwa asili ya kabila na bandari, si kwa mpulizaji.

Kaseti za arusi za Mombasa na Unguja zimesafiri na wenyewe mpaka Stockholm, London na Maskati. Juu yake huandikwa jina la bwana arusi, la bibi arusi, na tarehe. Nani anapuliza mle ndani, na alifundishwa na nani, hilo bado wapo wazee wanaoweza kulijibu kwa kusikia tu.