Kope Kwanza, Kiwele Baadaye: Kumpima Ng'ombe wa Maziwa Kasuku

Mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa akiingia zizini, macho yake hukimbilia kiwele. Kuna mahali ambapo hilo si kosa. Masisi, kwenye malisho ya milimani yanakotoka maziwa ya jibini ya Goma, au Mbarara huko Uganda, ambako wafugaji wengi wamechanganya Ankole wao na Friesian, kiwele kikubwa ni ahadi inayoweza kutimia. Huko juu kuna baridi na mbung'o si tishio kubwa. Kindu iko chini, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, penye joto na unyevu wa Lualaba, na pori lenye mbung'o halipo mbali. Anayenunua ng'ombe wa kukaa Kasuku, hapa Kindu, anapaswa kujiuliza kwanza kama mnyama huyo mwakani atakuwa hai na ana mimba. Habari ya lita inakuja baadaye. Ndiyo maana nashikilia kwamba hapa ng'ombe wa kienyeji aliyezoea mbung'o, N'Dama hasa, ndiye awe kipimo, na ng'ombe wengine wapimwe kwake.

Nagana haiui kwa haraka, na hapo ndipo inapomdanganya mnunuzi. Vimelea vyake huingia kwenye damu kwa kuumwa na mbung'o, chembe nyekundu hupungua, kisha mnyama hukonda, nywele husimama, mimba hutoka, maziwa hukauka. N'Dama asili yake ni nyanda za juu za Futa Jalon, Guinea; Wabelgiji walianza kumleta Kongo katika miaka ya 1920, hasa Kongo ya Chini. Ni mfupi, hana nundu, rangi yake mara nyingi ni ya hudhurungi nyepesi, na kwa macho ya mtu aliyezoea ng'ombe wa Kivu wenye pembe ndefu anaonekana mnyonge. Lakini mababu zake wameishi na mbung'o kwa maelfu ya miaka. Akiambukizwa, mwili wake huzuia vimelea visizidi na kurudisha damu iliyopotea. Watafiti wa kituo cha kimataifa kilichoanzishwa Gambia mwaka 1982 kwa ajili ya ustahimilivu huu walitazama, pamoja na mengine, sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu.

Zizini hakuna maabara, ila kuna kope. Mpeleke mnyama kwenye mwanga wa mchana, vuta kope ya chini kwa kidole gumba, utazame utando wa ndani. Ukiwa na wekundu hai wa waridi, endelea. Ukiwa umepauka au una weupe wa maziwa, achana naye, hata kama kiwele kinagusa magoti. Kisha papasa mbele ya bega, chini ya ngozi: tezi iliyovimba huenda ni ya nagana, huenda ni ya ndigana kali, ambayo huletwa na kupe na ambayo ustahimilivu wa N'Dama kwa mbung'o haumkingi nayo. Tazama ndani ya masikio na chini ya mkia kama kuna kupe. Na hapa kuna jambo ambalo wanaosifu ng'ombe wa asili hulisahau. Ankole ni wa asili kweli, lakini asili yake ni nyanda za juu. Mshushe kutoka milima ya Kivu hadi Kindu, na mbele ya mbung'o atakuwa mgeni karibu sawa na Friesian. Neno "wa kienyeji" lisimuuzie mtu ng'ombe. Muulize muuzaji mnyama alizaliwa wapi na amekaa bonde hili misimu mingapi ya mvua.

Sasa kiwele. Cha N'Dama ni kidogo na kitabaki kidogo. Kinachotafutwa ni ngozi laini inayonywea na kukunjamana baada ya kukamua. Kiwele kinachobaki kigumu ni nyama au ni ugonjwa. Chuchu ziwe nne, zote zikitoa maziwa, ndefu kiasi cha kushikika. Mikamuo ya kwanza ielekezwe juu ya kitambaa cheusi: vibonge vyovyote ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Omba kuona ukamuaji tangu mwanzo hadi mwisho, na usikubali kupimiwa kwa kiwele kilicholimbikizwa tangu jana yake. Halafu mgeukie ndama. Ng'ombe hawa kwa kawaida hawashushi maziwa bila ndama kuanza kunyonya, kwa hiyo sehemu kubwa ya maziwa yao haimo kwenye ndoo, imo mwilini mwa ndama. Ndama mwenye nywele zinazong'aa na mgongo uliojaa ni ushahidi wa mama mwenye maziwa; mwenye tumbo la chungu na nywele kavu anaonyesha ama mama mkavu ama mkamuaji mwenye tamaa. Pete za pembe nazo husaidia kukadiria mizao, japo wapo wauzaji wanaozisugua.

Atakayepinga atasema: lita mbili kwa siku za ng'ombe kama huyu ni mzaha. Ni kidogo kweli. Lakini tufanye hesabu kwa mfano tu. Ng'ombe wa kigeni anayetoa lita 12 kwa siku 60, kisha akafa, ameacha lita 720. Wa kienyeji anayetoa lita mbili kwa siku 210 katika kila uzao, akazaa mara sita, anatoa lita 2,520, na ndama sita juu yake. Tena maziwa yake ni mazito: mafuta hufika asilimia 5 au kupita, wakati ya Friesian mara nyingi huwa kati ya 3.5 na 4. Kwa mtu wa mtindi au samli, tofauti hiyo ni pesa.

Hoja kwamba ng'ombe wa kigeni anaweza kukingwa kwa dawa ina nguvu zaidi. Dawa za nagana zipo na zinafanya kazi, lakini zikichomwa ovyo na kwa kipimo pungufu vimelea huzizoea, na anayefuga kwa sindano peke yake amefunga uhai wa zizi lake kwenye mzigo wa dawa ambao huenda usifike Kindu kwa wakati. Nao ustahimilivu si kinga kamili: N'Dama mwenye njaa, au aliyezidiwa na mbung'o, naye huugua na huhitaji mtaalamu wa mifugo.

Kuchanganya damu sikukatai. Ila Tanzania ilipotengeneza ng'ombe wa Mpwapwa, kazi ilianza miaka ya 1940 na ikachukua vizazi, ikiwa na kituo, kumbukumbu na madume yaliyochaguliwa. Mfugaji wa Kasuku mwenye majike matatu hana hayo. Aanze na majike wa N'Dama wenye kope nyekundu, aandike kwenye daftari kila uzao na kila kipimo cha maziwa, na dume la kigeni alitafute baada ya kuwa na malisho ya kulisha watoto wake.