Ufundi wa Kuivalisha Sarafu

Mkusanyaji wa sarafu husifiwa kwa jicho lake: alivyoigundua reale ya Maria Theresa katikati ya vikuku chakavu, au pesa ya shaba ya Sultani Barghash, yenye picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1299, ndani ya kopo la misumari. Mimi namsifu kwa kinachofuata, ambacho wachache hukitazama: anaiweka ndani ya nini? Sarafu iliyopita mikononi mwa wachuuzi na mabaharia kwa vizazi huweza kuharibika kwa miaka michache ndani ya kifuko kilichonunuliwa kuilinda.

Mkosaji mkubwa ni PVC laini. Kwa asili PVC ni ngumu, waulizeni mafundi bomba. Ili ilainike huchanganywa na kemikali ambazo baadaye, hasa penye joto, huvuja taratibu. Plastiki yenyewe nayo ikichakaa hutoa asidi. Sarafu hupata utando wa kijani unaonata. Kwenye fedha, ukiwahiwa, asetoni safi huuondoa. Kwenye shaba mara nyingi huwa umeshakula. Wajuzi wana njia ya kuiumbua plastiki hiyo: hupasha waya wa shaba motoni mpaka uive, huugusisha kwenye kipande cha kifuko, kisha huurudisha motoni. Mwali ukigeuka kijani, klorini imo. (Fanyeni nje, moshi wake si wa kuvutwa.) Nalipenda jaribio hili, kwa kuwa shaba yenyewe ndiyo inayomtaja adui wake.

Poliesta haina hila hiyo. Haiipi sarafu kitu wala haiichukulii kitu, na sifa hiyo ya kutofanya lolote ndiyo fundi anayoilipia. Ila ni kavu, na ukingo wake hukwaruza sarafu isiyoingizwa kwa subira. Ndiyo dirisha la zile kadi za mraba za karibu sentimita 5, zinazokunjwa na kubanwa kwa stepla. Hapo utamjua mwenye mkono: ncha za pini huzilaza kwa koleo zisiumize sarafu ya jirani, na siku ya kuitoa huzing'oa pini zote kwanza, hata kama mgeni anangoja mlangoni.

Kapsuli ya akriliki huchaguliwa kwa kalipa. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina kipenyo cha milimita 30 na ushei. Reale hukaribia 40. Kapsuli ikizidi, sarafu hucheza ndani na kusugulika palepale palipoinuka, kwenye shavu la Maria Theresa au helmeti ya Kaiser. Reale ina jambo jingine: maandishi yaliyoinuka kwenye ukingo, ambayo mkaguzi huyasoma akitafuta dalili za ughushi. Kadi huyaficha; kapsuli angavu huyaacha wazi. Zile zilizotiwa kipete zivaliwe shingoni haziingii kwenye kapsuli kabisa, na sioni sababu ya kuking'oa kipete ili ziingie. Kilichomo ni historia ya shingo ya mtu. Zitafutiwe kifuko kipana cha poliesta.

Kuna pia vile visanduku vya plastiki ngumu ambavyo kampuni za Marekani, tangu miaka ya 1980, hufungia sarafu pamoja na alama ya ubora inayofikia 70. Sokoni vinasaidia. Mezani kwangu naviona vibahili, maana sarafu haishikiki tena.

Pwani, adui hupenya kwa hewa: unyevu wenye chumvi. Kapsuli ikifungwa wakati wa masika hufungia masika ndani yake, kwa hiyo mwenye busara husubiri mchana mkavu, huishika sarafu kwa ukingo, na huweka sandukuni vile vifuko vya chembe zinazofyonza unyevu. Chembe hizo hushiba, zibadilishwe. Hasugui wala hang'arishi. Hela 20 ya Tabora, iliyopigwa 1916 katika karakana ya reli vita vikiwa vimepamba moto, haikuzaliwa iking'aa kama kioo, na kuing'arisha leo ni kuifuta.

Kalamu hutangulia sarafu. Uzito, mahali ilikotoka na tarehe ya kufungwa huandikwa kadi ikiwa tupu, maana mkandamizo wa kalamu hufika mpaka kwenye chuma. Na tarehe hiyo ndiyo itakayomwambia lini afungue akague upya.