Ajali au Deni? Kifo cha Mtoto katika Fasihi ya Mashamba ya Walowezi

Nia ya makala haya ni kulichunguza neno moja, yaani ajali, kama litumikavyo pale mtoto anapofariki katika shamba la mlowezi. Wahakiki wengi wa fasihi hiyo wameshughulikia mandhari yake na dharau iliyofichika ndani ya sifa zake. Vifo vyenyewe hupitwa haraka, kana kwamba neno ajali limekwisha kuvieleza.

Nchi ya Thika na Ruiru ni nchi ya mito: Ruiru, Ndarugu, Thika, Chania. Kwa walowezi waliopanda kahawa huko, mito hiyo haikuwa pambo. Buni mbivu humenywa kwa mashine, hulazwa katika mabirika mpaka utelezi wake ulegee, kisha huoshwa katika mifereji. Kazi hiyo yote yataka maji mengi. Kwa hiyo vijito vilizibwa, mabwawa yakajazwa, na vibarua pamoja na watoto wao wakakaa katika laini za shambani, si mbali na maji hayo. Bwawa la shamba ni chombo cha kazi kama kilivyo kinu, nalo lina mwenyewe.

Sasa mtoto akitumbukia bwawani tutasemaje? Kiswahili husema amekufa maji, kama kisemavyo amekufa njaa. Nomino hukifuata kitenzi bila kihusishi chochote, wala sarufi haimwachii nafasi mtu aliyeyakusanya maji yale. Juu ya hapo twaongeza kwamba ilikuwa ajali. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliowekwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inalieleza kwa maana ya majaliwa na mwisho wa maisha ulioandikwa. Anayesema ajali, hata kama hakukusudia, amekwisha kumwachia Mungu hesabu yote.

Elspeth Huxley, katika The Flame Trees of Thika (1959), aliusimulia utoto wake katika shamba la wazazi wake huko Thika, kuanzia mwaka 1913. Jicho la kitabu hicho ni la mtoto wa mwenye shamba. Mtoto wa kibarua huonekana kwa nje tu, na msomaji haambiwi hasara yake ingehesabiwaje nyumbani kwao. Kwa swali hilo yafaa tutoke Thika, twende Ngong, kwa kuwa ndiko kulikotokea kifo kilichoandikwa kwa kirefu zaidi, ingawa kilisababishwa na risasi wala si maji.

Katika Out of Africa (1937), Karen Blixen anaeleza jinsi Kabero, kijana wa jikoni, alivyofyatua bunduki ya meneja wa kinu, Mzungu, mbele ya watoto wenzake. Wamai alikufa; Wanyangerri alivunjwa taya. Hakuna aliyedai kwamba Kabero alikusudia kuua. Hata hivyo wazee walikaa barazani siku nyingi wakijadili mifugo ambayo Kaninu, babake Kabero, angepaswa kuitoa. Blixen alistaajabu kuona kwamba nia ya mtenda haikuwashughulisha wazee. Kwao hasara ilitakiwa kujazwa. Jomo Kenyatta, ambaye kwao Gatundu ni karibu na Thika, alikuja kueleza jambo hilo hilo kwa ufasaha zaidi katika Facing Mount Kenya (1938): kiama kilitazama kwamba uhai umeondolewa, na fidia ilijulikana kwa idadi ya mbuzi na kondoo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na Blixen. Yeye aliisifu sheria hiyo kama ajabu ya kale, lakini hakuifuata mpaka mwisho wake. Ikiwa nia si kitu, na hasara ndiyo kipimo, kwa nini deni limwendee maskwota Kaninu peke yake? Bunduki ilikuwa ya nani? Baraza lilimdai yule aliyeweza kudaiwa chini ya utawala wa kikoloni, na msimulizi anaupita mpaka huo bila kuugusa. Tukilirudisha swali hili Thika na Ruiru, linakuwa kali zaidi, maana bunduki huweza kusemwa imeshikwa na mtoto, lakini bwawa halijengwi na mtoto.

Kwa mfasiri jambo hili si la nadharia tu. Akiandika ajali kila panapotajwa msiba wa shambani, ataingiza majaliwa mahali ambapo wazee waliona deni. Twapendekeza atumie hasara au msiba, na ajali aiache kwa wasemaji wanaoikusudia. Magazeti nayo yangefaidika, kwani hata sasa machimbo ya mawe ya pande za Juja na Ndarugu yanapojaa mvua na mtoto akafa humo, neno huwa ni lile lile, na mwenye chimbo hatajwi.

Jogona Kanyagga, aliyemlea Wamai, hakuridhika na maneno ya barazani. Watu kutoka Nyeri walikuwa wamekuja kumdai marehemu kuwa wao. Jogona alimwendea Blixen, akamsimulia jinsi alivyompata na kumlea mtoto yule, akataka yote yaandikwe. Aliposomewa na kusikia jina lake mwenyewe, alimgeukia msomaji kwa jicho kali lenye fahari. Karatasi ile aliitia katika mfuko wa ngozi, akaivaa shingoni.