Uzito, Macho na Utulivu: Namna ya Kupima Kazi ya Mhuishaji Mwanafunzi

Kijana wa Kamembe, wilayani Rusizi, akikufungulia kompyuta akuonyeshe katuni aliyoitengeneza, rangi ndizo zitakazokuvuta kwanza: nywele zinazong'aa, jua juu ya Ziwa Kivu, nguo yenye mikunjo. Usimpe alama kwa hayo. Programu kama Blender, ambayo hupatikana bure, humsaidia mwanafunzi kuyapata mapema. Uhuishaji wa wahusika ni uigizaji, na mhuishaji ni mwigizaji anayetumia mwili usio wake. Mambo mawili ndiyo ya kuuliza: je, mhusika huyu ana uzito? Na je, anafikiri kabla ya kutenda?

Mkazi wa Rusizi anaweza kuyajibu maswali hayo vizuri, hata kama hajawahi kugusa programu yoyote, kwa sababu kila siku anaona miili ikifanya kazi.

Uzito

Simama asubuhi karibu na daraja la Rusizi ya Kwanza, watu wanapovuka na bidhaa kwenda Bukavu. Mtazame mama aliyejitwika beseni la nyanya. Beseni halipandi wala halishuki; ungelichorea njia yake, ungepata mstari ulionyooka au unaokaribia kunyooka. Kazi yote inafanyika chini: magoti yanakunjika kidogo, nyonga zinayumba, nyayo hazinyanyuliwi juu. Shingo imekaza. Akiitwa kutoka pembeni, macho ndiyo yanayokwenda kwanza, kisha anageuka mwili mzima polepole, maana kichwa peke yake hakina ruhusa ya kugeuka.

Mwanafunzi wa miezi ya mwanzo humtembeza mama huyo kama vile hakubeba kitu, kichwa kikiruka kila hatua. Katika hali halisi nyanya zingeshamwagika. Siku atakapoweza kuuteremsha uzito wa mzigo hadi magotini, atakuwa amevuka hatua ambapo wengi hukwama.

Filamu huenda kwa fremu, yaani picha tuli, 24 kwa sekunde. Mtu mwenye mwendo wa kawaida hutumia takriban fremu 12 kwa hatua moja. Mzee mchovu anaweza kufika 20. Mhuishaji huweka pozi kuu, na kompyuta humjazia fremu za katikati. Asipoisimamia, kompyuta hulainisha kila mwendo kwa namna ile ile, na mhusika huonekana anaelea badala ya kukanyaga ardhi. Tafuta kasoro hii kabla ya nyingine zote. Angalia mguu unapotua: je, mwili unashuka kidogo kuupokea uzito, au unapita tu?

Kitu kizito huchelewa kuanza na huchelewa kukoma. Wavuvi wa sambaza wanapotoka jioni na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa, migongo huvuta kwanza, kasia husukuma maji, ndipo mitumbwi isogee. Makasia yakitulia, mitumbwi bado inateleza. Mhuishaji aliyekomaa huonyesha kuchelewa huko hata katika vitu vidogo: ncha ya kitenge, mkia wa mbuzi, hereni.

Macho na fikra

Mtu akisikia jina lake, macho huhama, kichwa hufuata fremu chache baadaye, halafu mabega, na mwili mwishoni. Kwa mwanafunzi mchanga vyote hugeuka kwa pamoja. Jaribio la kupima fikra ni jepesi: simamisha video mhusika anapokaribia kutenda. Ukiweza kusema anakusudia nini, mhuishaji amefaulu kuonyesha wazo. Usipoweza, unatazama mwendo usio na mwenyewe.

Angalia pia kope. Mtu hupepesa anapobadili wazo au anapohamisha macho. Kope zinazofumba na kufumbua kwa mpangilio wa saa, bila sababu, huufanya uso kuwa mfu.

Mikono na heshima

Kasoro ya kawaida ni mikono pacha: wa kulia na wa kushoto kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kasoro kubwa zaidi ni ishara za kuazima. Kwetu, kijana anayempa mzee kitu hunyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika au kuugusa. Mhusika wa Rusizi anayempa babu yake kikombe kwa mkono mmoja, huku akitazama kando, ameiga filamu za mbali, isipokuwa kama hadithi yenyewe inataka awe mkosefu wa adabu. Mwanafunzi bora hujirekodi akiigiza, hutazama watu wa sokoni, kisha huchagua kinachomfaa mhusika wake.

Midomo

Usidai kila herufi ionekane. Dai midomo ifunge kwenye M, B na P, na Kiswahili kimejaa sauti hizo: mama, baba, mbuzi, pamba. Kwenye F na V meno yaguse mdomo wa chini. Baada ya hapo, zima sauti. Ikiwa bado unajua nani amekasirika na nani anaficha jambo, uigizaji upo. Ukiwa hujui, midomo sahihi haitaiokoa kazi hiyo.

Ukuaji

Omba kuona kazi mbili za zoezi moja, ya zamani na ya sasa: mpira unaodunda, mwendo, kunyanyua gunia, mazungumzo. Mwanafunzi anayekua hupunguza. Mwanzoni mhusika wake hatulii. Kila neno linapewa ishara. Baadaye sentensi nzima hubebwa na ishara moja, na katikati kuna kimya ambacho mtazamaji anakielewa. Utulivu wenye uhai, ambapo pumzi na macho tu ndivyo vinavyocheza, ni mgumu kuliko kukimbia na kuruka.

Ili kulinoa jicho, tazama *A Kalabanda Ate My Homework* (2017), filamu fupi ya Mganda Raymond Malinga, kisha *Herderboy*, aliyoiongoza katika mkusanyiko wa *Kizazi Moto* (2023). Tazama pia *Akili and Me* ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, na *Tinga Tinga Tales* iliyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Tanzania. Hizi mbili za mwisho hutumia mwendo mchache, na uchache huo si udhaifu: pima kama pozi linasema waziwazi. Anayetaka misingi ya fani atafute kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney walizieleza katika kitabu chao cha 1981, *The Illusion of Life*.

Ukiombwa maoni, tazama kazi mara tatu: bila sauti, kisha ukifuata miguu tu, kisha macho tu. Usiishie kusema "nzuri sana". Sifa ya jumla haimfundishi mtu. Mtajie sekunde uliyoamini na sekunde ambayo hukuamini, na umweleze kwa nini.